Fimbo za Shemeji

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kinywani mwa mama yake tu. Mtaa mzima ulimwita Sindano, kwanza kwa sababu vidole vyake vilipita kwenye nywele za mteja kama sindano kwenye kitambaa, na pili kwa sababu ulimi wake ulichoma vilevile. Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni na feni iliyozunguka huku ikilalamika. Humo alisimama kutwa nzima, akiwasuka watu na kuwapasha habari za watu wengine.

Kusimama huko kulimvimbisha miguu. Daktari akamwambia dawa yake ni kutembea, ndipo akajiunga na kikundi kilichokwenda msituni kila Jumapili, kwenye vilima vya nyuma ya mji, kikiongozwa na nesi mmoja mstaafu. Alianza kwa kununa, akaishia kunogewa. Jumapili ikikaribia alikuwa kama mtoto anayengoja nguo mpya. Tatizo lake lilikuwa kwenye mteremko. Kila aliposhuka, magoti yalimpigia kelele, mpaka nesi akamwambia, "Tafuta fimbo za kutembelea, mwanangu. Zile nyepesi za kurefusha na kufupisha, moja kila mkono. Zitakubebea nusu ya mzigo."

Hakuwa na haja ya kwenda mbali. Mume wa mdogo wake alikuwa na duka la vifaa vya safari, limejaa mahema, tochi, mabegi na viatu vya milimani. Watu walimwita Uhakika, kwa kuwa kila alipoulizwa jambo alijibu hivyo. Hema hili halivuji? Uhakika! Viatu hivi ni vya ngozi? Uhakika! Na alilitamka neno hilo akijigonga kifuani, hata ukaona haya kuuliza mara ya pili.

Alimtolea Sindano jozi ya fimbo nyekundu zinazong'aa. Kila moja ilikuwa na vipande vilivyoingiana, na ulipoirefusha uliikaza kwa kusokota.

"Haziwezi kuteleza hizi, shemeji?"

"Nimwuzie dada wa mke wangu kitu kibovu, nilale wapi leo? Uhakika, shemeji!"

Mdogo wake, aliyekuwa akipanga soksi rafuni, alicheka. Sindano naye akacheka, akazichukua.

Jumapili iliyofuata, wakishuka mahali penye mawe na majani yaliyolowa, Sindano alichomeka fimbo mbele yake na kuiegemea kwa mwili wote. Fimbo ikaingia ndani yake yenyewe, kama waya wa redio unaposukumwa kwa kidole. Hakupata hata nafasi ya kupiga kelele. Alitangulia kichwa, akauweka mkono kujikinga, na wenzake wote wakausikia mfupa.

Ulivunjika mkono wa kulia, pale pale kwenye kifundo.

Wodini walimjaa watu wa kikundi, majirani na wateja. Shemeji naye akaja na mkewe, amebeba matunda. Sindano, dawa zikiwa zimemlegeza, alisema kwa upole tu, "Shemeji, ile fimbo iliniangusha. Ilijifunga."

Uhakika akatazama huku na huku, akaona hadhira imetimia. "Fimbo haina kosa, shemeji. Ukilitua gunia la mahindi juu ya mwavuli, utaulaumu mwavuli?"

Wodi ikalipuka kwa kicheko. Yule nesi wa kikundi alicheka akijiziba mdomo, majirani wakacheka wakipigana mabega, na mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akashika mshono wake. Mdogo wake alicheka pia, akiangalia chini. Na lililomwuma Sindano kuliko yote ni kwamba yeye mwenyewe alicheka. Alicheka na wenziwe, machozi yakimtoka, na kila mtu akadhani ni machozi ya kicheko.

Bandeji ngumu ilipokatwa, vidole vilitoka vimekakamaa. Msusi bila vidole ana nini? Wateja walimvumilia kwanza, wakisema wanapenda mistari minene siku hizi, kisha mmoja mmoja wakahamia kwa msusi wa mtaa wa pili. Sindano alikaa kwenye kiti cha wateja wake mwenyewe akikamua mpira laini, nesi alivyomwelekeza, kukunja na kukunjua. Kila alipokunja alimwona Uhakika. Kila alipokunjua alilisikia lile neno gunia.

Mama yake alimshauri asamehe. Sindano alimjibu, "Nitasamehe, mama. Lakini kwanza nitakula naye sahani moja."

Hakwenda kufanya fujo dukani. Fujo angeigeuza mzaha, na kwa mzaha Uhakika hakuwa na mpinzani. Alikwenda upande wa pili wa mji, kwa mama mmoja aliyeuza vifaa vya milimani na ambaye aliwahi kuongoza wapandaji kabla mgongo haujamkatalia. Alimkuta ameketi katikati ya fimbo zilizoning'inia kama nguo kwenye kamba.

"Usichague kwa rangi," yule mama alimwambia. "Rangi haijawahi kumshika mtu. Irefushe, ikaze, halafu ilalie. Usiiguse kwa adabu kama unamsalimia mkwe, ilalie! Ikishuka hata upana wa ukucha, irudishe."

Sindano akailalia ya kwanza. Ikashuka. Ya pili ikasimama kama nguzo. Hiyo haikuwa ya kusokota. Ilikuwa na vibano vya nje, unavibana kwa kidole, na vikilegea unavikaza kwa bisibisi. Yule mama akamwonyesha mkanda wa mkononi, kwamba mkono unaingia kutoka chini ili uzito ukae kwenye mkanda, usiwe wa vidole peke yake. Akamwonyesha mshikio wa sponji usioteleza kwa jasho, na kisahani cha juu ya ncha kinachozuia fimbo kuzama topeni. Akamwambia pia kwamba alumini ikizidiwa hupinda, ukarudi nayo nyumbani ikiwa imepinda, lakini zile nyepesi zaidi za kaboni zikizidiwa hukatika tu.

"Na hizi za kusokota," Sindano aliuliza, "huteleza wakati gani hasa?"

"Maji yakiingia ndani. Mchanga pia. Au mtu akivuta kipande kupita alama, ile iliyochorwa hapa, kikabaki kimeshikwa na ncha tu."

"Vikiwa vyote pamoja?"

Yule mama alimkazia macho. "Mbona unauliza zaidi habari za kuanguka kuliko za kusimama?"

"Nimeshaanguka, mama. Nataka kujua njia nzima."

Alirudi kikundini na fimbo za vibano, nyeusi, hazina urembo wowote. Wenzake walipomzunguka, aliwaonyesha namna ya kulalia, naye hakutaja duka la mtu. Hakuhitaji. Wengi wao walikuwa wamenunua kwa Uhakika fimbo nyekundu kama zile, na wiki hiyo waliozilalia na kuziona zikinywea walizirudisha kwake, wengine wakipiga kelele mlangoni. Sindano, ambaye sasa vidole vyake viliweza kushika kitana, alizipata habari hizo mle mle saluni, moja baada ya nyingine, na kila moja ilimteremka kooni kama maji baridi.

Mdogo wake alimjia amenuna. "Dada, unamharibia mume wangu."

"Nimemshika wapi? Nimewafundisha watu kulalia fimbo. Zikisimama, si sifa yake?"

"Mwache, dada. Nakuomba."

"Aliponicheka ulimwomba?"

Mdogo mtu akampa mgongo. Akaondoka.

Uhakika alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni. Badala ya kuzitoa fimbo rafuni, alitangaza kwamba Jumapili atatembea na kikundi, yeye mwenyewe, na fimbo zile zile nyekundu, ili wambea wafunge midomo. Akaja amevaa kofia mpya, mkewe nyuma yake amebeba maji ya kunywa. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ilikuwa tope tupu.

Sindano alitembea nyuma yake na kumtazama alivyowatazama wateja kichwani, pa kushika na pa kuvuta. Alimwona kwenye kijito akizizamisha fimbo majini hadi katikati, akipima kina huku akitoa hotuba. Alimwona akizirefusha kwa ajili ya kushuka, akivuta na kuvuta mpaka alama ikatokeza nje. Maji yameingia, na alama imepitwa. Kilichobaki kilikuwa mteremko, nao ulikuwa mbele yao.

Hapo angeweza kunyamaza. Angeweza pia kumvuta mdogo wake kando, amnong'oneze, naye amwambie mumewe faraghani. Uhakika angemsikia mkewe, Sindano alilijua hilo. Lakini pia alimjua shemeji yake kuliko alivyoijua njia. Akapaza sauti, ile sauti tamu aliyoitumia kwa mteja kabla ya kumvuta nywele za kisogoni.

"Shemeji! Umezivuta kupita alama, na zimeingia maji. Zifupishe ukaze upya. Au chukua moja yangu mimi, usije ukaumia."

Kikundi kizima kiligeuka. Uhakika naye akageuka, shingo imemvimba. Nesi akasema, "Msikilize mwenzio, baba."

"Nifundishwe fimbo na msusi?" Akajigonga kifuani. "Uhakika!"

Akazichomeka zote mbili na kujitupa juu yake kwa uzito wake wote, makusudi, ili waone. Zikanywea kwa pamoja. Kofia ilitangulia, mwenyewe akaifuata, akabiringika juu ya mawe mpaka chini, akasimamishwa na kisiki. Mguu wake mmoja ulikuwa umetazama upande usio wake.

Mkewe alipiga ukelele. Wengine walisitasita, wakitafuta pa kukanyaga. Sindano alishuka wa kwanza, hatua kwa hatua, fimbo zake nyeusi zikisimama kila alipozisimamisha, na utamu alioupata kwenye mteremko ule hakuwahi kuupata hata siku ya harusi yake. Alipofika, Uhakika alikuwa amekuwa rangi ya majivu, anatapatapa mdomo bila sauti. Sindano akapiga goti, akamwekea fimbo moja kando ya mguu ili wamfunge, kama nesi alivyokuwa akielekeza kwa sauti kutoka juu. Kisha akainama sikioni mwake.

"Pole, gunia."

Hakuna mwingine aliyesikia. Walimbeba kwa zamu hadi barabarani, na njia nzima watu walimsifu Sindano. Alimwonya jamani, tena mbele yetu sote. Ana roho safi yule, baada ya yote aliyotendewa! Aliwaacha waseme.

Hospitali, Uhakika alipoingizwa chumba cha kufungwa mguu, wale ndugu wawili walibaki kwenye benchi. Mdogo mtu alikuwa na tope hadi magotini. Alilikwangua kwa ukucha, kipande kimoja kimoja.

"Ulijua hatasikia," alisema mwishowe.

"Nilimwambia ukweli. Watu walisikia."

"Walisikia, ndiyo. Ndiyo maana uliusema kwa sauti." Akageuka wakatazamana. "Ungeniambia mimi, dada. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwako."

Sindano alifungua mdomo. Ulimi uliochoma mtaa mzima haukupata pa kuchoma. Mdogo wake akainuka, akaenda kukaa benchi lingine, na tangu siku hiyo salamu zikakatika.

Je, alijuta? Mama yake alimuuliza hivyo. Alisema hapana, na alipojichunguza aliona ni kweli: kwa Uhakika hakujuta hata chembe. Akikumbuka ile kofia ilivyotangulia, bado alitabasamu peke yake huku akisuka. Lakini kila mlango wa saluni ulipofunguka aliinua macho haraka, na kila mara alikuwa mtu mwingine.

Miezi ilipita. Siku moja mchana mlango ukafunguka, akaingia Uhakika, anachechemea. Sindano alikuwa na mteja. Hakumkaribisha kiti. Alisuka taratibu kuliko alivyowahi kusuka tangu vidole vimrudie, naye Uhakika akasimama na mguu wake mbovu, akitazamwa na kioo.

"Shemeji," alisema hatimaye, "zile fimbo nilizitoa zote. Nimeletewa mzigo mwingine. Wateja wanasema hawagusi kitu mpaka uwe umekipitisha wewe."

"Uhakika?" Sindano aliuliza.

Mteja aliguna kwa kicheko. Uhakika alilimeza neno hilo. "Sina uhakika. Ndiyo maana nimekuja."

"Na pale wodini?"

Uhakika aliitazama feni ikizunguka. "Nilikosa," alisema. "Nilijua zina kasoro. Nilikufanya uchekwe ili watu wasiniulize."

Sindano alimaliza msuko ule, akaufunga ncha, akatikisa kitana. "Rudi kesho," alisema.

Kesho yake alirudi, naye akamwambia vilevile. Siku ya tatu Sindano alifunga saluni mapema, akaenda mwenyewe.

Fimbo zilikuwa zimemwagwa juu ya meza ya duka. Alianza bila salamu. Alirefusha, akabana, akalalia. Iliyosimama aliiegemeza ukutani. Iliyoshuka aliitupa sakafuni kwa kishindo, na Uhakika akainama na mguu wake ule kuiokota. Angeweza kuzirudisha mezani kwa mkono, palikuwa na nafasi tele. Alizitupa. Moja, nyingine, nyingine tena. Jasho lilimtoka mwenye duka, na Sindano akaona bado kuna utamu, ingawa si kama ule wa mteremkoni.

Mdogo wake alikuwa nyuma ya rafu za viatu tangu dada yake alipoingia. Alitazama kwa kitambo, kisha akaja mezani. Hakumsalimia. Alichukua fimbo iliyofuata, akairefusha, akabana vibano vyake, akamnyooshea dada yake.

"Na hii?"

Sindano aliipokea, akailalia kwa mwili wote. Ikashuka upana wa ukucha. Akaiangalia sakafu, akamwangalia shemeji yake aliyekwisha kuanza kuinama.

"Irudishwe ilikotoka," alisema, akaiweka mezani. "Lete nyingine."