Mfanyakazi Bora Mlangoni

Picha yangu ilipotundikwa kwenye mlango wa kiwanda cha samaki, chini yake maneno "Mfanyakazi Bora wa Mwezi", mimi nilikuwa wa mwisho kuiona. Nilikuwa mezani nakata minofu ya sangara, na nikishashika kisu huwa sioni wala sisikii kingine.

Aliyeitundika ni meneja mpya, kijana mpole aliyetoka masomoni. Wiki yake ya kwanza alitukusanya sisi wanawake wa meza ya minofu, na mabuti yetu ya mpira, akachora pembetatu ubaoni. Chini kabisa akaandika chakula, juu yake usalama, halafu kupendwa na wenzako, halafu kuheshimiwa. Mtu hupanda ngazi moja moja, akasema, na kiwanda kikimsaidia kupanda, naye hujituma. Nilimwelewa. Hata nilimpenda, maana wa kabla yake alikuwa anatupigia kelele tu.

Basi nikapandishwa ngazi ya nne, ya tatu ikang'oka.

Mchana tulikuwa tunakula wanne kwenye sinia moja, ugali na mapanki, ile mifupa inayobaki tukishaondoa minofu. Siku ile nilinawa, nikaja, hakuna aliyesogea.

"Kumbe bosi naye anakula mapanki?" akauliza jirani yangu wa Ilemela, tuliyeanza kazi siku moja.

Wakacheka. Nikacheka pia, nimesimama, mikono inachuruzika maji.

Nikamwendea meneja. "Naomba ile picha uitoe."

"Mama, umestahili. Usione aibu."

"Sioni aibu. Nakula peke yangu."

Akaniambia wivu ni jambo la kawaida, wenzangu watajifunza kwangu.

Wakajifunza kweli. Kila mwenye mkono mwepesi akaanza kukata polepole asije akatundikwa yeye. Na mimi nikapunguza, nikarudishiwa nafasi yangu kwenye sinia. Meneja alipoona minofu imepungua, akanunua fremu kubwa zaidi.

Sijui nielezeje adha ya kwenda polepole kwa makusudi. Kisu kinajua pa kupita. Nikikizuia, mwili mzima unawasha. Nilisimama mguu huu, nikahamia ule. Nilimgombeza kila aliyenigusa. Nyumbani nilimenya viazi sufuria mbili, watoto wakauliza kama tunapata wageni.

Asubuhi moja wakaletwa sangara wakubwa, wabichi kabisa, nyama imekaza. Nikaanza kukata. Ningependa kusema nilijisahau, lakini niliamua.

"Taratibu, dada," jirani yangu akaninong'oneza. "Utatundikwa tena."

Nilimsikia vizuri. Sikupunguza siku ile, wala zilizofuata.

Mwisho wa mwezi nikarudi mlangoni, safari hii ndani ya fremu kubwa. Meneja akanipa mkono, uso umemchangamka.

"Unaona, mama? Motisha inafanya kazi."

Nusura nimwambie. Ningemwambia nini, kwamba mikono yangu haijawahi kuitazama picha yake? Nikabeba ugali wangu, nikaketi juu ya kreti lililopinduliwa, nawasikia wenzangu wanacheka kule kwenye sinia. Nililia kidogo, sifichi. Halafu nikala harakaharaka, nirudi kwenye kisu kabla kengele haijalia.