Mmoja Akinawa, Sinia Haliondolewi

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nikisikia vigelegele, hata viwe vya harusi ya jirani hapa Mkuza. Vikipigwa tu mimi hucheka peke yangu, na mke wangu huniuliza, "Umeshaanza?" Naam, nimeshaanza. Kaa nikusimulie, na kama una haraka, kaa zaidi.

Nilikuwa kijana, fundi wa mitandao ya kompyuta, ndiyo kwanza nimeajiriwa katika chuo kimoja pale Kibaha. Nilikuwa na maringo, wee! Nikibeba waya begani natembea katikati ya njia, wakubwa kwa wadogo wanipishe. Ikafika siku ya mahafali. Wazazi walikuja kutoka kila upande, Magindu, Kisarawe, Dar, ukumbi ukawa mdogo. Mkuu wa chuo akaamua waliokosa viti wakae kwenye bwalo la chakula, waangalie sherehe kwenye runinga. Kazi ya kufikisha picha bwaloni nikapewa mimi.

Hapa nikueleze kidogo, usisinzie. Picha moja ikitazamwa na watu wengi, hatumtumii kila mtu ya kwake, maana mtandao utajaa mpaka ukwame. Inatumwa moja, na mashine ya kugawa njia, tunaiita ruta, inaipeleka kwenye waya wenye mtu aliyeiomba tu. Anayetaka kutazama, kisanduku cha runinga yake hutuma ombi la kuingia kwenye kundi. Anayetoka, kisanduku huaga. Na ruta yenyewe kila baada ya muda hupita ikiuliza, "Bado mpo?" Akijibu mmoja kwenye waya ule, picha inaendelea kwa wote. Wakinyamaza wote, inakata. Elimu yote ndiyo hiyo, mengine mbwembwe.

Mbwembwe ndizo zilizoniponza. Niliipangia ruta kwamba ikisikia mtu anaaga, ikate papo hapo bila kuuliza. Nilipoijaribu ofisini kwa runinga moja, ukibadili chaneli, kufumba na kufumbua iko tayari. Nikajipongeza. Lakini bwaloni nilikuwa na runinga nne na waya mmoja tu kutoka kwenye ruta, nikaugawa kwa swichi ndogo, kile kifaa cha kugawa waya mmoja kwa mashine nyingi. Kwa hiyo runinga zote nne zilikuwa zinakula kwenye waya ule ule, na mimi sikuliwaza hilo hata kidogo.

Bwalo lilijaa kanga na kanzu na suti za kuazima. Mbele kabisa alikaa mama mmoja wa Kisarawe, Bi Mwanaidi, mkulima wa mihogo, aliyetoka kwake alfajiri. Amekuja kumwona binti yake Saumu akipokea cheti cha uuguzi, wa kwanza kuvaa joho katika watoto wa tumbo lake. Mapajani alishika kanga mpya, tayari kuirusha.

"Baba," akaniambia, "mimi sina haja na soda wala wali. Nataka nimwone mwanangu tu."

"Mama, ondoa shaka," nikamjibu kwa kujidai. "Utamwona mpaka kope."

Majina yakaanza kuitwa. Konani alikuwapo baba mmoja aliyeshika rimoti ya runinga ya kona ile. Mwanawe aliitwa mwanzo mwanzo, akamshangilia, kisha akaona yake yamekwisha, akabonyeza atafute mpira. Mpira ataupata wapi? Kisanduku kilikuwa na chaneli mbili tu, ya mahafali na ya kwaya ya chuo. Akaangukia kwaya. Papo hapo runinga nyingine tatu zikawa nyeusi, na bwalo zima likaguna, "Aaaah!"

Nikauvamia waya. Chomoa, chomeka, jasho linanitiririka. Mara picha ikarudi, nami nikainua dole gumba, nikapigiwa makofi. Kumbe ni yule baba alikuwa amechoka kwaya, karudi kwenye mahafali! Makofi hayajaisha, kaenda tena kwenye kwaya, giza tena. "Fundi uchwara huyu!" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu majina yalikuwa yamefika herufi R, na Bi Mwanaidi alikuwa ameshasimama.

Nilijua sasa natukanwa. Akanishika mkono tu.

"Hebu tulia, baba. Huo waya unauonea bure. Mimi nimekaa hapa natazama. Kila yule bwana akibonyeza kile kidude chake, sisi wote tunafungiwa." Akashika kiuno. "Kwani kwenu nyie, watu wakila sinia moja, mmoja akinawa mnaondoa sinia? Si mnawauliza waliobaki kama wametosheka?"

Moyo ulinipiga paa! Nilikuwa nimeifundisha ruta utovu wa adabu. Mmoja anaaga, yenyewe inaondoa chakula mbele ya wenye njaa. Nikatimua mbio mpaka chumba cha mitambo, nikaifuta ile amri. Sasa mtu akiaga, ruta iulize kwanza kwenye waya ule ule, "Kuna mwingine bado anatazama?" Isubiri kidogo. Ikijibiwa hata na mmoja, iendelee. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa nimeinyima mashine ruhusa ya kuuliza.

Narudi bwaloni nahema, nasikia wameshaingia herufi S. Picha imerudi kwenye runinga zote nne, na namwona yule baba, karejea kwenye mahafali, ananyoosha tena rimoti. Kabla sijafungua mdomo, kabonyeza. Konani kwaya ikaanza kuimba, nami nikafumba macho.

Sikusikia mguno. Nilisikia vigelegele.

Nilipofumbua macho, Saumu alikuwa kwenye runinga zote tatu, joho limemzidi, anacheka na cheti mkononi. Bi Mwanaidi analia na kucheka pamoja. "Mwanangu yule! Jamani, yule mwanangu!" Kanga ikaruka, ikaniangukia mimi kichwani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na raha yake ni hivyo hivyo. Akanivuta mkono tucheze, na ile kwaya ya konani ikawa ndiyo muziki wetu. Nilicheza, mwanangu, na miguu yangu hii isiyojua kitu. Sijawahi kufurahi kazini kama siku ile.

Sasa shika nasaha. Mmoja akiaga, usiwafungie wote. Iwe kikoba, iwe ukoo, iwe kundi lenu la kwenye simu, mmoja akijitoa msitangaze matanga. Geuka uulize nani bado yupo, na usubiri jibu, maana wengine huchelewa kumeza tonge. Na wewe ukiulizwa, itika. Ruta haisomi moyo wa mtu, na binadamu hali kadhalika. Ukikaa kimya wakati unapenda kubaki, watakuhesabu umeondoka, na utalia kwamba umetengwa. Vijana wa siku hizi mna kimya kirefu mno. Mama anapopiga kukuuliza kama upo, anajua sana ulipo. Anataka kukusikia.

Haya, hiyo simu yako inaita, ipokee. Mungu akujaalie watu wasiochoka kukuuliza kama bado upo, na asikunyime sauti ya kuwaitikia.