Taa Niliyomzimia Baba

Fundi wangu wa gari, kule mtaa wa Cibitoke, hana kosa katika haya, na naanza na yeye ili nisije nikamsingizia mbele ya safari. Alifanya alichoagizwa. Aliyeagiza ni mimi.

Baba alikuwa dereva wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye barabara za hapa hapa Ngagara tunapokaa, akinigonga goti kila nilipokanyaga freni kwa pupa. Alipostaafu, macho yakaanza kumwacha. Giza lilianzia pembeni likaja katikati, mpaka jicho la kulia likafa kabisa na la kushoto likabakiwa na tundu dogo la kuchungulia. Ukikaa mbele yake alikutazama kipande kwa kipande, paji la uso kwanza, kisha pua, kisha mdomo. Daktari hakutuficha: kilichokwenda kimekwenda, lakini matone ya dawa, asubuhi na jioni, yatalinda kilichobaki. Baba alijitilia mwenyewe. Hakutaka nimshike kichwa kama mtoto mchanga.

Kila Ijumaa nilitoka mbio ofisini, kule Kigobe, nikamchukua nyumbani, nikampeleka msikitini, nikamngoja garini, nikamrudisha, kisha nikarudi kazini nimechelewa na uso nimeukunja. Hasira zangu ziko karibu, kila mtu kwetu anajua. Nilimpenda baba na nilimchoka, yote mawili kwa wakati mmoja, na sioni faida ya kuficha moja.

Mwaka juzi gurudumu la mbele la gari langu lilianza kunguruma. Fundi akabadilisha beringi. Nilipokwenda kulichukua gari, nikakuta taa ndogo ya rangi ya machungwa inawaka kwenye dashibodi na haitaki kuzimika. Beringi ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania, na katika kuivuta, waya wa sensa ya freni ulikuwa umekatika.

"Freni inakamata muzuri," fundi alinihakikishia. "Ni ABS tu, ile ya kuzuia gurudumu lisikwame, ndiyo imelala. Nitakutafutia kapteri ingine."

Sensa nyingine, hiyo kapteri yake, haikupatikana. Nikaizoea taa kama unavyozoea jirani mwenye kelele.

Ijumaa iliyofuata baba alipanda, akafunga mkanda, halafu akainamisha kichwa na kukigeuza upande, kama kuku anayetafuta punje. Akatulia.

"Kuko taa inawaka hapa."

Nikashtuka. Kwa miezi mingi hakuwa ametaja kitu chochote kwa kukiona. "Ya rangi gani, papa?"

"Ya machungwa. Mi niko naiona." Akacheka, akapiga paja lake. "Mwangaza wa muchana hata kipofu anaujua, mama. Rangi ndiyo kuona."

Mama ni mimi, ndivyo alivyoniita tangu utotoni.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yake. Akipanda tu, anainama, anatafuta, anasema, "Ingali inawaka." Kisha maneno yanafuata: fundi amesema nini, kama sensa imefika, kwa nini mtoto wa dereva anaendesha gari lenye kumwonya. Mimi nilisikia hayo maneno ya mwisho tu. Ijumaa kwa Ijumaa, katika joto, na petroli niliyoipangia foleni ikiwa inakaribia kuisha, nilisikia mzee anayenisema kwa gari ambalo mimi ndiye ninayelihangaikia. Kwamba kila wiki alikuwa anapima jicho lake, na kwamba "ingali inawaka" ilikuwa ni shukrani, hilo halikunijia. Au lilinijia nikaliacha lipite. Sijui. Nimejiuliza mara nyingi na bado sijui.

Nikaenda Cibitoke, nikamwambia fundi aizime.

"Tutoe ampule?" akauliza. "Taa itazima, lakini waya itabaki imekatika."

"Toa."

Akafungua dashibodi, akazungusha hiyo ampule, balbu iliyo ndogo kuliko punje ya hindi, akaniwekea kiganjani.

Ijumaa ile baba alipanda, akainama. Akageuza kichwa upande mmoja, akageuza upande wa pili. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa, akainama tena. Nilikuwa namwona kwa pembe ya jicho. Nilikuwa nimejiandaa kudanganya kwamba gari limetengenezwa, lakini yeye anayajua magari, angeuliza sensa imetoka wapi na nani ameifunga, na angenikamata hapo hapo. Basi nikaamua asipouliza, sisemi.

"Leo jua ni kali sana?" akaniuliza.

"Kali sana, papa."

Akaegemea kiti, akauelekeza uso dirishani mpaka msikitini. Nami, Mungu anisamehe, nikashusha pumzi kwa raha.

Baada ya wiki chache akasema atakuwa anaswali nyumbani, magoti yanamsumbua. Sikumbishia. Nikazipata Ijumaa zangu, nikala chakula cha mchana nimekaa, kama watu wengine.

Miezi minne ikapita, tukaenda kwa daktari. Akampima, akarudia, akaniuliza kama mzee anatia dawa. Nikajibu haraka kwamba anatia, kila mwezi namnunulia chupa.

"Apana," baba akasema kwa upole. "Niliacha. Chupa ziko kwa sanduku yangu."

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu ile taa ya gari ilipotea. Sikutaka kumwambia huyu mutoto. Jicho limekwisha, dawa ni ya kulinda nini?"

Daktari hakuelewa habari ya taa. Aliwasha tochi yake, akaipitisha mbele ya jicho la kushoto, na jicho halikuifuata. Akaandika kwa muda mrefu. Sasa ndiyo lilikuwa limekwisha.

Nilimshika baba mkono mpaka garini, nikamfunga mkanda, nikakaa kwenye usukani nikashindwa kuwasha. Nilitaka kunyamaza. Nasema kweli, hata pale bado nilitaka kunyamaza, maana hakuna aliyekuwa anajua ila mimi na fundi.

"Papa, ile taa haikupotea machoni mwako. Mi ndiye nilimwambia fundi atoe ampule. Ulikuwa unanisumbua nayo."

Nikangoja anigombeze. Nilikuwa naomba anigombeze, anigonge goti, aniite jina baya.

"Kumbe siku ile nilikuwa ningali naona," akasema.

Alisema hivyo kwa furaha. Uso wote ulimfunguka, kama mtu aliyeletewa habari njema. Akahesabu kwa vidole, bila haraka, zile wiki na miezi ya baadaye, na alipofika mwisho furaha ikamtoka taratibu. Akanyoosha mkono, akaupapasa uso wangu, paji kwanza, kisha pua, kisha mdomo.

"Ungeniambia tu, mama," akasema. "Ningekuwa nakutazama."