Tepu Iliyoning'inia Juu

Fundi wa nguo alikuwa na mdomo mwepesi, na mdomo ndio uliomponza. Mdogo wake alitoka hospitali miguu haina nguvu. Daktari akasema dawa ni mazoezi, lakini mwenyewe akageukia ukutani, hataki kuambiwa.

"Sikiliza," fundi akamwambia. "Mimi na unene huu nitajifundisha ile yoga ya kusimama kwa kichwa. Nikiweza, na wewe unasimama kwa miguu."

"Ukiweza wewe, dada, nitasimama." Akacheka, jambo ambalo lilikuwa limepotea nyumbani mle.

Basi fundi akaliingia kichwa kichwa, safari hii kwa maana zote mbili. Kila akifunga duka aliegemeza simu kwenye cherehani, akafungua video, akaweka kichwa juu ya mto uliojaa vipande vya vitambaa. Miguu ikakataa katakata. Mtu aliyewapindia watu suruali maisha yake yote, kujipinda mwenyewe kukamshinda. Na kila jioni simu ililia, mdogo wake akiuliza: "Bado?"

Kujibu "bado" kukamtia aibu, na aibu ikamtia ujinga. Alisimama wima ukutani kwa miguu yake miwili, akakunja mikono kichwani, akajipiga picha. Akaikata sakafu isionekane, akaipindua picha, akaituma.

"Hongera, dada," jibu likaja. "Zamu yangu."

Tangu hapo fundi hakulala vizuri. Simu ikilia, anaiacha.

Mchana mmoja mdogo wake akaingia dukani kwa fimbo, jasho linamtoka, hakuna aliyemshika. Fundi akamkalisha kwenye benchi la wateja huku machozi yakimlengalenga.

"Haya, dada, nionyeshe."

"Leo mgongo unauma."

Mdogo wake akatoa simu, akaifungua ile picha. "Dada, hapa tepu ya kupimia iko shingoni mwako. Mbona ncha zake zinaning'inia kwenda juu?"

Fundi akapeleka mkono shingoni. Tepu ilikuwepo, kama ilivyokuwepo kila siku tangu asubuhi hadi usiku, hata hakumbuki kuivaa. Yeye, anayeona mshono uliokwenda upande akiwa ng'ambo ya barabara. Uso ukamwaka moto.

"Uliiona lini?"

"Siku ile ile. Nilikuwa nimeshasimama, nimefika mlangoni niwaonyeshe majirani picha yako, ndipo nikaiona. Nikarudi kitandani, nikakaa huko siku kadhaa. Niliumia, dada."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Weka mto," mdogo wake akasema, akijiinua kwa fimbo. "Nimekuja kukushika miguu."

Fundi akavua tepu, akaitundika msumarini, akapiga magoti. Miguu ilipopanda ikakutana na mikono miwili ya mdogo wake, aliyeegemea ukuta. Hapo ndipo alipoomba msamaha, kichwa chini miguu juu, mahali ambapo mdogo wake hakuweza kumwona uso.