Kidole Ambacho Hakikuvimba

Dada yangu alikuwa fundi cherehani, na sifa yake ilikuwa vifungo. Matundu ya vifungo aliyashona kwa mkono, ingawa mashine ingeweza kuyamaliza kwa dakika moja.

Alipotimiza miaka hamsini, vidole vilianza kuvimba. Asubuhi hakuweza kushika hata mkasi. Daktari akampa vidonge, naye akaniita nimweleze, kwa kuwa mimi hushinda maabara nikihesabu chembe nyeupe za damu.

Nikajitia mwalimu. Chembe hizo ni askari wa mwili, nikamwambia. Wakipata ujumbe kwamba adui kaingia mahali, hukimbilia pale, pakavimba na kuwa na moto. Ndani ya kila chembe kuna vimeng'enya vinavyopokezana ujumbe huo. Kwake ujumbe ulikuwa wa uongo, na askari walikuwa wakishambulia viungo vyake mwenyewe. Kidonge kinazuia kimeng'enya, ujumbe unakwama, askari wanatulia.

"Kumbe umbea tu," alisema dada. "Umbea ndio unaniua vidole."

Tulicheka. Baada ya miezi miwili vidole vilinyooka, nami nikatamba kana kwamba dawa niliitengeneza mimi.

Siku moja sindano ilimchoma kidole. Mafundi huchomwa kila siku, na kipimo chao ni kimoja: kisipovimba hadi kesho, yamekwisha. Siku ya tatu alikuja kwangu, kidole kikimuuma kidogo, mwili umechoka. Nilikigeuza dirishani. Hakikuwa chekundu wala cha moto.

"Hakijavimba, dada. Si kitu."

"Basi, mtaalamu kasema," akajibu, akarudi kumalizia shati la mteja.

Mimi niliyemweleza kwamba vidonge vinawanyamazisha askari, nilikuwa nangojea wapige kelele. Bakteria waliingia kwenye damu bila bughudha. Siku ya tano alizirai juu ya cherehani. Hospitalini daktari aliuliza ni nani aliyekiangalia kidole kile. Nikasema ni mimi.

Jioni dada alifumbua macho, akaniinulia mkono.

"Mtaalamu, bado hakijavimba?"

"Bado, dada."

"Si unaona? Ulisema kweli," akasema, akitaka nitabasamu.

Alikuwa ananifariji, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Alifariki kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimekishika kidole kile, chembamba vile vile, kimenyooka, kizuri kabisa cha kushonea.