Laptop ya Marehemu Iliniuliza Kama Nimekula

Siku ya tisa baada ya kumzika kaka yangu Gibson, laptop yake iliniuliza kama nimekula.

Sitanii. Mie mwenyewe nilidhani akili imeruka.

Naitwa Clara, naishi Madale na mama. Mie na Gibson tulikuwa tunaandika programu pamoja, laptop moja, tunapokezana. Kazi yetu ya mwisho ilikuwa mfumo wa duka la dawa la dada mmoja wa Kinyerezi, Rukaiya.

Asubuhi ile akapiga simu.

"Pole mdogo wangu. Najua mko msibani. Ila mchana huu naanza kuutumia, wafanyakazi wameshajiandaa."

"Saa sita utakuwa nao, dada."

Moyoni sikuwa nasikia chochote. Hata makaburini sikulia. Vidole tu ndivyo vilikuwa vinafanya kazi.

Kwa msioijua Git, ndiyo inayotutunzia kila toleo la kazi. Ukimaliza unaandika git push, kazi inapanda kwenye seva, kompyuta ya mtandaoni inayotunza kazi yetu. Ikikataa, ujue kuna mwenzako katangulia kupandisha kitu ambacho wewe huna. Ukiongeza --force itakubali, ila cha mwenzako kinafutika.

Nikapush. Ikakataa.

Mwenzangu yupi, wakati yuko kaburini? Nikaona isinichoshe, nikaandika git push --force.

Skrini ikatoa neno moja: "Umekula?"

Nikaandika ndiyo.

"Muongo. Nenda kale kwanza, halafu uangalie nani katangulia."

Nikajaribu hapana. Jibu lile lile.

Nikafungua .bashrc, faili ambalo kompyuta hulisoma kila ukifungua dirisha la amri. Git hairuhusu kubadili amri zake za asili, kwa hiyo Gibson alipitia humo: kila --force ikamatwe kwanza. Juu yake kaandika, "Ya Clara. Akiwa na njaa analazimisha." Tarehe ilikuwa siku moja kabla hajalazwa hospitali.

Ni kweli. Nikiwa na njaa huwaga sina subira, na alishanigombeza mno.

"Mama, zile ndizi zipo?"

"Zipo! Siku ya tatu nakubembeleza, Clara."

Nikala. Sikusikia ladha.

Kisha nikaandika git fetch, amri ya kuvuta vilivyo kwenye seva bila kufuta kitu. Kulikuwa na toleo moja jipya. La Gibson. Alilipandisha kwa simu akiwa kitandani hospitali, siku moja kabla hajafariki.

Ujumbe wake: "Nimerekebisha dozi za watoto. Mfumo ulikuwa unazidisha mara mbili."

Basi. Hakuna kwaheri, hakuna jina langu.

Ningeifuta kazi hiyo kwa mkono wangu, na mchana ule ule watoto wa watu wangeanza kupewa dawa maradufu.

Nikaunganisha kazi yake na yangu, nikampa Rukaiya mfumo saa sita kasoro. Machozi hayakuja hata hapo.

Wenzangu, push ikikataliwa, angalieni kwanza nani katangulia. Huenda ndiyo kazi yake ya mwisho.

Ile amri ya Gibson kwenye .bashrc sijaitoa. Juzi nimepandwa na hasira, nikalazimisha, ikaniuliza tena.

Nilikuwa sijala.