Nukta za Penseli za Shemeji

Shemeji yangu ni karani wa rejista katika idara ya maji, na kama hamjawahi kumwona msijilaumu, hata waliokaa naye ofisi moja miaka kumi hawajamwona. Ni mtu wa kupita mlangoni ubavuubavu, kama anayeomba radhi kwa mlango. Alipomwoa dada yangu nilimtania palepale harusini: tumekupa mke mwenye sauti, watu wasije wakadhani nyumba ni tupu. Dada amefariki, huu mwaka wa nne. Binti yao yuko mbali kwa mumewe, hupiga simu Jumapili. Siku hizi Shemeji akienda kazini huiacha redio ikiongea.

"Unamwachia nani redio?" nilimuuliza.

"Nikirudi nikute mtu anaongea."

Hapo hata mimi, bingwa wa utani katika ukoo huu, niliacha utani nikamwuliza habari za binti yake.

Darasa nililoishia silitaji, lakini mambo ya kompyuta nitawaeleza mimi mwenyewe, na mtaelewa kuliko mkifundishwa na msomi. Kila mwisho wa mwezi wasimamizi wa mitaa hupeleka fomu idarani: bomba hili la umma linatoa maji, hili halitoi. Shemeji anaandika rejistani. Sasa, mkuu wao wa zamani alikuwa hawezi kuona nafasi tupu kwenye karatasi, presha inampanda. Makarani wakajitungia dawa: msimamizi asipoleta fomu, rudia ya mwezi uliopita, halafu pembeni weka nukta ndogo ya penseli. Ukiona nukta, ujue hapo tumekisia. Ofisi nzima ilijua. Rejista zilipoingizwa kwenye kompyuta, aliyezichapa ni Shemeji, miezi saba, kidole kimoja kimoja. Na kwenye kompyuta hapakuwa na mahali pa kuweka nukta.

Basi mwaka huu serikali ikaamua kuzifungua takwimu zake, kila mwananchi azione, na ikaandaa shindano la siku tatu kwa vijana wabunifu: chukueni takwimu zetu, tengenezeni kitu cha kuwafaa watu. Wenyewe wanaliita hakathoni. Lilifanyika katika ukumbi wa chuo cha ufundi, na kila idara ilitakiwa kupeleka mtu wa kujibu maswali. Idara ya maji ikampeleka Shemeji, nadhani kwa sababu ndiye pekee ambaye asipokuwepo ofisini hakuna anayegundua.

Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti karibu na mlango tangu asubuhi, kitambulisho shingoni, mikono magotini. Hakuulizwa hata choo kiko wapi.

Siku ya pili jioni nilimkuta nyumbani amezima redio. Nikashtuka, nikadhani mgonjwa.

"Shemeji," akaniambia, "leo wameniita."

Ni vijana wanne, kiongozi wao binti mwenye vipokea sauti vikubwa shingoni, wenzake wanamwita Kapteni. Walikuwa wanatengeneza kitu cha simu: unaandika jina la mtaa wako, kinakuonyesha bomba la karibu linalotoa maji. Wakakwama kwenye majina ya mitaa ya zamani, Kapteni akamwendea mlangoni. Mpaka mchana wamemvutia kiti, wamempa sahani, wanamwita mzee wetu. Mmoja alimwambia, "Mzee, wewe ni kompyuta yenye miguu." Alinisimulia hilo mara tatu, nami mara zote tatu nikacheka, ingawa mimi ningemtania vizuri zaidi.

Siku ya tatu nilikwenda naye. Msiniulize nilialikwa na nani, mtu wa sura yangu hazuiwi getini. Saa nne asubuhi, kabla ya kupanda jukwaani, Kapteni alikuwa anajaribu mara ya mwisho. Akachagua mtaa mmoja wa upande wa mashariki. Simu ikamwonyesha bomba nyuma ya tanuri la matofali, alama ya kijani, maji yapo.

Shemeji akaganda. Akanivuta mpaka kwenye korido.

"Msimamizi wa mashariki alistaafu miaka sita iliyopita. Hawakuweka mwingine."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo miaka sita nimekuwa narudia. Upande ule wote ni nukta, shemeji. Mabomba arobaini na moja."

"Nyamaza," nikamwambia, na sijivunii, ingawa mengine yote najivunia. "Waache washinde. Nani atajua?"

"Atajua mwenye ndoo."

"Ukisema, hawa watoto watakukimbia. Umewapata jana tu!"

Aliniangalia kama mtu aliyekwisha kulipigia hesabu hilo kabla yangu. Akarudi ndani, na safari hii hakupita mlangoni ubavuubavu.

Aliwaeleza akiwa amesimama. Kapteni alivua vipokea sauti, akaviweka mezani.

"Mzee, kwa nini hukutuambia jana?"

"Jana sikukumbuka. Jana nilikuwa nimefurahi."

Mmoja wao, yule wa kompyuta yenye miguu, akanung'unika, "Kazi ya siku tatu, imekwisha." Kapteni akamkata, "Futa mashariki yote. Haraka." Wakaanza kufuta. Kiti cha Shemeji kikajaa mabegi na nyaya, hakuna aliyekusudia, walikuwa na haraka tu. Akarudi kwenye kile cha mlangoni.

Jukwaani waamuzi waliuliza mbona nusu ya ramani ni tupu. Kapteni alisema, "Huko hatujui, na idara nayo haijui." Ukumbi ulicheka. Walioshinda ni kundi jingine, lililotengeneza kitu cha kutafutia maegesho ya magari. Wakati wa kuondoka vijana walimpa Shemeji mkono mmoja mmoja, kwa adabu kabisa. Kapteni alichukua namba yake ya simu. Mkuu wa idara, aliyekuwa amekuja kutazama, hakumpa mkono.

Tangu wiki ile, kila Jumamosi Shemeji anakwenda mashariki kwa miguu na daftari. Hajatumwa. Nilimsindikiza mara moja, viatu vyangu vizuri vikaharibika. Anafika kwenye bomba, anafungua, anasubiri mpaka ahesabu mia, anaandika. Kwenye la tisa mama mmoja alitoka nje akamwuliza, "Baba, mnaturudishia maji?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuangalia kama yapo."

"Hayapo. Ungeniuliza tu."

"Tangu lini?"

Wakasimama pale wanahesabu miaka kwa kutaja nani alizaliwa lini, na ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyomwona akifanya tangu dada aondoke.

Yale tisa alimtumia Kapteni palepale, kwa simu, kidole kimoja kimoja. Tulikuwa tumekaa kwenye ukingo wa mtaro jibu lilipoingia. Akanisomea: "Asante sana mzee. Kwa sasa tuko kwenye mradi mwingine."

Nikatafuta utani. Ninao mwingi, mnanijua.

"Amejibu upesi," akasema Shemeji.

"Amejibu upesi," nikakubali.

Akaitia simu mfukoni, akanyanyuka akipangusa suruali, akauliza kama miguu yangu inafika mpaka la kumi. Nikamwambia haifiki. Akaenda peke yake.